Usimuulize "Wewe ndiye Asha?"

Wadogo zangu mnaoanza wodini, kabla ya kunishika na maswali ya kumwekea mgonjwa damu, ya kundi O na kundi B, tuongee kwanza kuhusu neno "abee."

Mama amelazwa siku ya tatu, homa iko juu, usingizi wa kukatika katika. Mwite Asha, ataitika abee hata kama jina lake ni Zuhura. Hapo ameonyesha adabu tu, jina hajathibitisha. Kwa hiyo unapotaka kumtoa damu ya kupima kundi, na tena unapotaka kumwekea chupa ya damu, uliza hivi: "Mama, unaitwa nani? La baba? La babu?" Aseme mwenyewe, nawe macho yako yawe kwenye faili. Kama hawezi kusema, muulize ndugu yake, kisha namba ya faili iamue.

Mimi nilijifunza kwa aibu. Mwaka wangu wa pili kazini, zamu ya usiku, tulikuwa na Asha wawili kwenye vitanda vinavyotazamana. Nikatoa sampuli zote mbili, nikatia vichupa mfukoni, nikaenda kuandika lebo mezani kwa sababu taa ya huko ilikuwa nzuri. Hatua kumi tu. Baadaye simu ikalia, kaka wa maabara: "Sista, mgonjwa wako mwezi uliopita alikuwa B, leo amekuwa O. Kundi la damu ni nguo?"

Daftari lake la zamani ndilo lililotuokoa. Bila hilo, krosmachi (kipimo cha maabara cha kulinganisha damu ya chupa na ya mgonjwa) ingepita vizuri kabisa, maana angeifanya kwa damu ya mtu mwingine, na Asha mwenye O angewekewa damu ya B. Mililita chache za kosa hilo zinaweza kuua. Krosmachi inakwambia kama chupa inapatana na sampuli. Sampuli ni ya nani, hilo unalijua wewe uliyekuwa kitandani. Basi lebo iandikwe palepale kitandani, damu ikishaingia kwenye kichupa. Vichupa vilivyoandikwa mapema navyo hupotea njia.

Mengine nitayapitia haraka. Damu ikitoka kwenye friji ya benki ya damu ianze kuwekwa ndani ya dakika 30, imalizike ndani ya saa 4. Isiwekwe kwenye ndoo ya maji ya moto ati ipashwe; chembe zitapasuka na utakuwa unamwekea mgonjwa sumu. Dekstrosi (maji ya sukari) na dawa zisipite kwenye mpira unaopitisha damu.

Dakika 15 za mwanzo iende polepole, na wewe uwepo. Pima joto, mapigo, presha na upumuaji kabla ya kuanza, kisha tena dakika hizo zikiisha. Nimekagua fomu nyingi za uangalizi ambazo mistari yote ina mwandiko uleule, wino uleule, joto lilelile 36.8. Tunajua zilivyojazwa. Mgonjwa akitetemeka, akilalamika mgongo, au akihema vibaya, funga damu kwanza, ndipo umwite daktari. Badilisha mpira, weka salaini (maji ya chumvi), soma majina upya, na chupa irudi maabara pamoja na sampuli mpya. Usiitupe.

Halafu kuna damu isiyohitajika. Ndugu watakuomba awekewe "chupa moja tu apate nguvu," na daktari mchovu atakubali. Kwa mtoto, HB (himoglobini, kipimo cha wingi wa damu, gramu kwa desilita) chini ya 4 haina mjadala, awekewe. Kati ya 4 na 6, mtazame mtoto mwenyewe: anahema kwa shida? Fahamu zimepungua? Utafiti uliofanyika Uganda na Malawi, matokeo yakatoka 2019, ulionyesha kuwa watoto wa kiwango hicho wasio na dalili hizo, waliofuatiliwa kwa karibu na kuwekewa damu pale tu walipoihitaji, hawakufa zaidi ya waliowekewa papo hapo. Lakini kufuatiliwa ni kupima HB tena na tena. Kama wodi yako haiwezi hilo, mwambie daktari mapema.

Baada ya kisa changu tulipelekwa semina, tukala chakula kizuri, mwongozo ukabandikwa ukutani nyuma ya mlango. Mlango ukiwa wazi hauonekani, na mlango wetu haufungwi. Kilichotubadilisha ni matroni. Kila Jumatatu asubuhi, wakati wa kukabidhiana zamu, alichukua dakika kumi, akasimama kwenye kitanda chenye chupa ya damu, akamtaka mmoja wetu aonyeshe hatua zote kwa mikono, siyo kwa mdomo. Ukikosea, Jumatatu ijayo ni wewe tena.

Siku ya kwanza alifungua kwa kuniita mimi, ila kwa jina la sista mwenzangu aliyekuwa likizo. Nikaitika abee.