Mfuko wa plastiki au tangi la chuma?

SWALI: Nasoma bayoteknolojia hapa Kampala. Mjomba wangu anachomelea matangi ya maziwa ya stenlesi kule Mbarara, juzi nikamwambia siku hizi dawa za kansa za kingamwili, yaani protini za kinga ya mwili, zinakuzwa ndani ya mfuko wa plastiki, akakasirika kabisa, eti plastiki ni ya kubebea sukari. Nani yuko sawa?
Msomaji, Wandegeya

JIBU: Ndugu yangu, msalimie mjomba sana, hajakosea vile unavyodhani. Uliza kwanza ndani kunakuzwa nini. Kingamwili nyingi zinatoka kwa seli za CHO, yaani za ovari ya hamsta wa China, kanyama kadogo kama panya, na hizo ni za polepole, kugawanyika mara moja tu ni kama siku nzima, bechi, yaani mkupuo mmoja wa dawa, inakaa wiki mbili hivi, sasa bakteria mmoja akiingia anazaana kila nusu saa na mali yote inamwagwa. Ndio maana tangi la chuma kila bechi ikiisha lazima lioshwe kwa soda kostiki, lisuuzwe, lipigwe mvuke wa nyuzi 121, mabomba na valvu zote pia, na hayo maji si ya bomba la mtaani, yana mtambo wake. Mfuko unakuja vijidudu vyake vimeshauliwa kwa miale ya gama, unautumia mara moja basi. Kiwanda kinachoanza na dawa mbili tatu, mimi ningechagua mfuko.

Lakini insulini, dawa ya kisukari, inayotengenezwa kwa bakteria E. coli, iliyoanza kuuzwa 1982, hapo mjomba anashinda! Bakteria wanakula oksijeni nyingi na wanatoa joto jingi, plastiki haipoi haraka kama chuma. Tena mifuko kawaida inaishia lita 2,000, chuma kinafika hata 20,000.

Kinachonisumbua zaidi ni kwamba mfuko unatoka ng'ambo. Wakati wa korona watengeneza chanjo waligombania mifuko na filta, wengine wakasubiri miezi na miezi, kwa hiyo weka stoki mapema. Na umeme jamani, seli zinataka hewa na kukorogwa muda wote, stima ikipotea na jenereta ikachelewa oksijeni inaisha kwa dakika chache tu, iwe chuma iwe plastiki.

Halafu mwambie mjomba hata kiwanda kinachotumia mifuko kinamhitaji, mabomba ya yale maji safi ni stenlesi, na pale alipochomelea pakibaki na mkwaruzo kwa ndani bakteria wanajificha hapo hapo.