Aya Jukwaani: Maswali Yenu Safari Hii

Naandika tamthilia juu ya Henry wa Nane na Catherine wa Aragon. Mfalme anayetaka ndoa yao ibatilishwe ashike aya ipi?

Walawi 20:21, inayokataza kumtwaa mke wa ndugu yako na kuonya kwamba wawili hao watakosa watoto. Catherine aliolewa kwanza na Arthur, kaka yake Henry, aliyefariki 1502; Henry akamwoa 1509. Ila usimwachie mfalme uwanja peke yake. Wape wapinzani wake Kumbukumbu la Torati 25:5, inayomwagiza mtu amchukue mjane wa ndugu yake aliyekufa bila mwana.

Halafu kuna jambo mnalolipita mbio. Kesi ya ndoa hiyo iliposikilizwa Blackfriars, London, mwaka 1529, binti yao Mary alikuwa hai, ana miaka 13. Aya inasema watakosa watoto, na mtoto huyu hapa! Upande wa mfalme unajibuje? Tamthilia yako iko hapo, si kwenye mavazi wala chumbani kwa Anne Boleyn, ambaye mfalme alitaka kumwoa. Mwonyeshe Catherine akimpigia mumewe magoti mbele ya majaji, aseme yake, kisha atoke huku akiitwa arudi. Hilo huna haja ya kulitunga, lilitokea.

Wahusika wangu wa miaka ya 1530 wanaweza kunukuu Biblia ya King James?

Hapana. Ilitoka 1611, Henry alikufa 1547. Nimelijibu hili hadi kalamu imechoka. Msome Tyndale, aliyechapisha Agano Jipya kwa Kiingereza 1526 na kuuawa 1536. Ukimshikisha mhusika kitabu hicho, umemshikisha na hatari yake.

Watazamaji hawafungui Biblia kuhakiki. Kwa nini nijisumbue na aya nzima?

Ili ujue mhusika wako amekata wapi. Katika Henry V ya Shakespeare, Askofu Mkuu wa Canterbury anamhakikishia mfalme kuwa anaweza kudai Ufaransa kupitia ukoo wa kike. Anataja kitabu cha Hesabu: mtu akifa, urithi umwendee binti. Sasa soma Hesabu 27:8 mwenyewe. Askofu amemeza sharti, kwamba marehemu awe hana mwana wa kiume. Kama Shakespeare alikusudia au alibanwa na mizani ya ushairi, mimi sijali. Pengo lipo na linasikika.

Tena kabla ya hotuba hiyo tumeshamkuta askofu huyohuyo akinong'ona na mwenzake juu ya muswada utakaolinyang'anya kanisa zaidi ya nusu ya mali yake. Mkoba tumeuona kwanza, aya ikafuata. Na ninyi mnaoandika maandiko ya upande mmoja kuwa nuru na ya upande wa pili kuwa hila tupu, msiniletee miswada yenu. Hizo ni propaganda.

Ni kweli Uingereza walitoza faini kwa kutaja jina la Mungu jukwaani?

Kweli. Sheria ya 1606, pauni 10 kila kosa, kwa kulitaja kwa mzaha au bila heshima. Waandishi wakakimbilia "mbingu" na "Jove", mungu wa Warumi wa kale.

Jemadari wangu ni mnafiki. Nimempa nukuu 12 za maandiko. Zinatosha?

Futa 11, halafu tuzungumzie hiyo iliyobaki. Katika Richard III ya Shakespeare, Richard akiwinda taji anatokea juu, kasisi huku na kasisi huku, kitabu cha sala mkononi, Meya wa London akimtazama kutoka chini. Hasomi hata mstari.