Tumbo kujaa na kuuma kila mara: tunawajibu wasomaji

Wengi mmeuliza kuhusu IBS, hali ya utumbo kukereka upesi: tumbo linajaa gesi na kuuma, leo unaharisha, kesho choo kigumu, na vipimo havionyeshi kitu.

Nimepimwa mara nyingi, naambiwa sina ugonjwa. Au ni mawazo yangu tu? (Dada, Kisenyi, Kampala)

Si mawazo, dada yangu. Utumbo una mishipa ya fahamu inayowasiliana na ubongo, na kwako mawasiliano hayo yamekuwa makali mno. Gesi ambayo mwenzako haisikii, wewe inakuchoma. Ndiyo maana wasiwasi wa karo unaishia tumboni. Kutembea kila siku na kuvuta pumzi taratibu kwa tumbo kunasaidia kweli.

Nile nini, niache nini? (Mama lishe, Jinja)

Bahati nzuri, matoke, wali, posho (ugali wa mahindi) na viazi Ulaya huwa havisumbui. Vinavyosumbua wengi ni vitunguu maji, vitunguu saumu, ngano, maharage, maziwa na maembe, kwa sababu vina sukari ambazo utumbo haufyonzi vizuri. Bakteria huzichachusha, gesi ikajaa. Chukua rolex ya asubuhi, yaani chapati iliyoviringishiwa mayai: mayai hayana kosa, tazama chapati ya ngano na kitunguu kilichokatiwa ndani. Nyumbani kaanga mayai kwa nyanya na majani mabichi ya kitunguu, ule na muhogo wa kuchemsha. Maharage yaloweke usiku kucha, mwaga maji hayo, pika kwa maji mapya, na uanze na vijiko vichache.

Utaratibu huu umetokana na utafiti wa Chuo Kikuu cha Monash, Australia. Unapunguza vyakula hivyo kwa wiki 2 hadi 6, kisha unarudisha kimoja kimoja ukiandika kinachokuumiza. Wengi huruka hatua hiyo ya kurudisha, nami naisisitiza sana: mtu hawezi kujinyima maharage maisha yake yote kwa kosa la kitunguu.

Mululuza na shubiri vinatibu? (Kaka, Arua)

Mululuza, ule mti wa majani machungu, tumeukuta kwa wazee wetu na nauheshimu, ila haujathibitishwa kutibu hali hii. Shubiri iogope: utomvu wake wa manjano ni dawa kali ya kuharisha, na unaweza kukuzidishia msokoto. Chenye ushahidi mzuri zaidi ni mafuta ya mnanaa ya vidonge vinavyoyeyukia utumboni. Ukiwa na kiungulia, yanaweza kukiongeza.

Choo kigumu, nile pumba za ngano? (Msomaji, Mbale)

Hapana, mara nyingi zinaongeza gesi. Uliza isapgol, yaani nyuzinyuzi za maganda ya mbegu, kwenye duka la dawa. Anza na kijiko kidogo, kwa maji ya kutosha.

Baba yangu ana miaka 58, tumbo limemwanza mwaka huu na amekonda. Nimpe dawa gani ya asili? (Binti, Kasese)

Usimpe yoyote kwanza, mwanangu. Tumbo linaloanza baada ya miaka 50, kukonda bila sababu, damu kwenye choo, upungufu wa damu, au kuharisha kunakomwamsha mtu usiku, hayo si ya kukisia nyumbani. Mpeleke hospitali wiki hii, na umwambie daktari waziwazi kwamba amepungua uzito.