Swali: Wimbo mpya wa Noeli ni ibada kweli, ao ni kujionyesha tu?

*Shalom pasta, mi niko kijana wa korali huku Kadutu, Bukavu. Niliandika wimbo wa Noeli, kiitikio kiko na Mashi kidogo, ile lugha ya Bashi wa huku, na ubeti wa kwanza unasema Yesu amezaliwa Kadutu usiku wa mvua. Ba papa wa korali wamekataa, ati Noeli tunaimba za kitabu tu, wimbo wa kujitungia si ibada. Tena muziki niliutoa kwenye wimbo mmoja wa ndombolo, hapo maestro akashtuka kabisa. Niko na zambi?*

Shalom ndugu yangu, aksanti kwa swali. Zambi hauna, lakini usianze kushangilia maana wimbo wenyewe bado uko na kazi.

Ba papa wanasema Noeli ni ya kitabu, sasa fungua Luka sura ya 1 na ya 2: Mariamu anaimba, Zakaria akifunguliwa kinywa tu anamsifu Mungu, malaika wanawajia wachungaji na sifa zao, mzee Simeoni anapokea mtoto hekaluni na maneno yanamtoka palepale. Noeli ya kwanza yote ilikuwa nyimbo mpya. Ila kabla haujaenda kuwaringia ba papa, chukua wimbo wa Mariamu uweke kando ya ule wa Hana, mama ya Samweli, 1 Samweli 2. Hana anasema "Moyo wangu wamshangilia Bwana", Mariamu anasema "Moyo wangu wamwadhimisha Bwana", Hana anaimba juu ya wenye njaa na wanyonge kuinuliwa, Mariamu vilevile! Binti wa Nazareti alikuwa amejaa Maandiko mpaka akifungua mdomo yanatoka yenyewe, lakini sasa yanasema jambo ambalo Hana hakuliona. Zaburi 98 nayo inatoa sababu ya kuimba wimbo mpya, "kwa maana ametenda mambo ya ajabu". Kwa hiyo mi ninauliza wimbo wako hivi: unasimulia alichotenda Mungu, ao unasimulia sikukuu yetu tu, nguo mpya na mwaka unaoisha? Nyimbo nyingi za sasa zinaanguka hapo.

Tuje kwa ubeti wako. Mvua ya Desemba hapa Bukavu tunaijua wote, na kusema ukweli inanigusa kuliko zile nyimbo za theluji tunazoimba kila mwaka na jasho mgongoni, maana Luka hana theluji hata kidogo. Lakini Luka ameandika Kaisari Augusto, ameandika liwali Kirenio, ameandika Bethlehemu mji wa Daudi, hakuandika bure, alitaka tujue jambo hili lilitokea kweli, mahali fulani, wakati fulani. Ukisema amezaliwa Kadutu, mtoto wa sande skuli atabeba hivyo hivyo. Mi ningeweka Bethlehemu ubeti wa kwanza, halafu wa pili habari ile ipande mpaka Kadutu, ikute mama anaanua nguo mvua inaanza, hapo hakuna atakayekukatalia. Na kiitikio cha Mashi kiache, bibi zetu nao waimbe kwa akili kama Paulo anavyosema 1 Wakorintho 14.

Ndombolo sasa. Luther, yule mtu wa Matengenezo ya kanisa kule Ujerumani, wimbo wake wa Noeli ulichapwa 1535 na muziki wa wimbo wa kawaida wa watu, halafu 1539 ukatoka na muziki mwingine, ndio unaoimbwa mpaka leo. Kwa hiyo kuazima muziki si jambo la kukufukuzisha korali. Lakini wewe unajua vizuri, gitaa ile ikianza tu nusu ya vijana wako tayari na kiuno, akili imeshafika baa, na maneno yako ya Bethlehemu nani atayasikia? Tunga muziki wako, kama umeweza maneno na huo utauweza.

Juu ya kujionyesha ba papa wako na haki kidogo, niseme wazi. Kuna nyimbo mpya ambazo mtu mmoja anashika mikro dakika kumi, sinte, kile kinanda cha umeme, inalia, na kanisa lote limekaa linarekodi na simu. Wakolosai 3:16 inasema mfundishane na kuonyana kwa zaburi na nyimbo na tenzi, sasa mnafundishana nini kama wengine ni watazamaji? Fanya kiitikio kifupi, kifundishwe ibada mbili kabla ya Noeli, na maneno umpelekee mzee wa korali yakiwa kwenye karatasi, ayasome polepole nyumbani, akitaka kufuta mstari mmoja mwache afute.