Mwanangu, kuhusu wale waigizaji

Mwanangu,

Meseji yako nimeiona. Unasema umemaliza ile riwaya ya vichekesho vya anga za juu, The Hitchhiker's Guide to the Galaxy, umecheka mpaka machozi, sasa unaogopa kuangalia muvi yake ya 2005 maana umeona picha za waigizaji na hakuna anayefanana na wale uliokuwa nao kichwani, hasa Ford Prefect, na unaniuliza uiangalie au uiache.

Iangalie. Ila wasiwasi wako umeuweka sipo.

Chukua huyo Ford. Kitabuni nywele zake ni za wekunduwekundu, na Mos Def anayemuigiza ni rapa mweusi wa Brooklyn, sawa, lakini jamaa katokea sayari ya jirani na nyota ya Betelgeuse, nani kasema huko watu wana sura gani? Alichokazia mwandishi, Douglas Adams, ni kwamba Ford hapepesi macho vya kutosha na tabasamu lake linapitiliza, yaani ukikaa naye unahisi kuna kitu hakiko sawa ila huwezi kukitaja. Hicho ndo cha kumdai muigizaji, na Mos Def anacho, ule utulivu wake kama mtu anayesikiliza kitu cha mbali. Na Martin Freeman kwenye Arthur Dent, yule rafiki wa Ford wa hapa duniani, nampa maksi zote, kwa sababu hachekeshi kusudi. Dunia imebomolewa, yeye bado yuko na nguo zake za kulalia anataka chai, na anaumia kwelikweli. Arthur akishajua tu kwamba anachekesha, hadithi imekufa.

Kumbuka pia hii kitu ilianzia redioni, BBC, mwaka 1978, kitabu kikaja 1979, tivii 1981. Redioni ukisema Zaphod, yule rais wa galaksi mwenye majigambo, ana vichwa viwili na mikono mitatu imeisha hiyo, msikilizaji anamalizia mwenyewe. Kwenye tivii ikabidi wambandike kichwa cha bandia begani, na 2005 wakakificha cha pili chini ya kidevu cha Sam Rockwell, kinachomoka ghafla. Rockwell yale majigambo anayaweza sana, lakini kile kichwa kinakula muda wa utani.

Sasa mhusika ninayemhofia mimi hana sura kabisa. Ni msimulizi! Pale meli za Wavogon, wale viumbe wanaokuja kuibomoa Dunia, zinapotanda angani na Adams anasema zimening'inia hewani vilevile ambavyo matofali hayawezi kuning'inia, niambie muigizaji gani ataigiza hiyo? Kamera ikikuonyesha meli utaona meli kubwa, basi, kichekesho kimebaki kwenye sentensi, na sentensi ni ya msimulizi. Redioni alikuwa Peter Jones, anasoma taratibu kama mtu anayeshangazwa na anachokisoma ila adabu inamzuia kusema, na mpaka leo nikifungua kitabu nasikia yeye. Kwenye muvi ni Stephen Fry, sauti nzuri mno, sina ugomvi naye, ugomvi wangu ni kwamba wamempa nafasi ndogo, wanamchomeka hapa na pale afu wanakimbilia mapenzi ya Arthur na yule dada Trillian ambayo kitabuni hayana uzito huo. Adams mwenyewe alifariki 2001 kabla hawajaanza kupiga picha, ila jina lake lipo kwenye skripti, kwa hiyo siwezi kusema kila kilichobadilika ni kazi ya wengine.

Halafu msikilize Marvin, yule roboti mwenye huzuni. Sauti ni ya Alan Rickman, ndani ya lile gamba la roboti yupo Warwick Davis, watu wawili kwa mhusika mmoja, na ile huzuni yote imo.

Ukimaliza nipigie uniambie Fry umemuonaje. Na kitabu mpe dada yako, ananisumbua anakitaka.

Mama yako