Kasoro Iko Kwenye Faili, Si Kwenye Kishikwambi

Swali: Mwalimu, shikamoo. Mwanangu wa darasa la sita haoni kabisa. Nilimnunulia kishikwambi, na fundi akaniwekea humo programu ya kusoma kwa sauti kwa malipo. Menyu inazisoma vizuri, lakini akifungua kitabu cha Sayansi, ambacho ni PDF, inataja namba ya ukurasa kisha inanyamaza. Fundi anasema ninunue kifaa cha bei kubwa zaidi. Nifanyeje?

Jibu: Marahaba, mama. Usinunue. Kifaa kinachosoma menyu hakina ubovu. Fungua kitabu hicho, nenda sehemu ya kutafuta, uandike neno unaloliona waziwazi ukurasani, kwa mfano "damu". Likikosekana, basi mtu alipiga picha kurasa na kuzifunga pamoja, na kwa kisoma skrini, yaani hiyo programu ya kusoma kwa sauti, ukurasa huo hauna tofauti na picha ya harusi.

Hapo ndipo ninapochoshwa kila wiki, kwa maana watu wameaminishwa kwamba kitabu kikishaingia kwenye simu, asiyeona ameshapata kitabu. Programu za kutambua herufi hugeuza picha kuwa maandishi, lakini kazi haiishii hapo: juzi nilisahihisha ukurasa ambamo "damu" imekuwa "darnu", nayo sauti ikaitamka hivyohivyo, na maelezo ya mchoro wa moyo yakawa yamechomekwa katikati ya sentensi ya aya jirani. Lazima mtu apitie kila ukurasa, aweke vichwa vya sura ili mtoto aweze kuruka kutoka sura hadi sura, kisha ahifadhi kwa EPUB, muundo wa faili za vitabu vya kidijitali. Muundo huo humfaa hata mwenye uoni hafifu, kwa sababu herufi zikikuzwa mistari hujipanga upya, tofauti na PDF ya kawaida ambayo humlazimu kuburuta ukurasa kushoto na kulia.

Njia fupi zaidi ni kumwomba mchapishaji faili la awali, kwa kuwa kitabu kilikuwa maandishi kabla ya kuchapwa. Akikataa, iendee taasisi inayotambuliwa kuwahudumia wasioona: Mkataba wa Marrakesh wa 2013, ambao Tanzania na Kenya ni wanachama, unaweka njia ya taasisi kama hizo kutengeneza nakala inayosomeka bila kusubiri ridhaa ya mwenye hakimiliki.

Ama hao wanaouza "simu maalumu za wasioona", wengi wao wanakuuzia ulichonacho tayari. Visoma skrini vimo tayari: TalkBack huja na vifaa vingi vya Android, VoiceOver imo kwenye iPhone tangu 2009, na NVDA ya kompyuta za Windows hutolewa bure. Sauti ya Kiswahili nayo hupakuliwa bila malipo, ingawa mafundi huiacha ya Kiingereza, mtoto akasomewa "mmeng'enyo" kwa lafudhi isiyoeleweka. Fundi wako akirudia habari ya kifaa kipya, mpe faili hilohilo, mwambie azime mwanga wa skrini na akifanye kifaa kisome sura ya tatu mbele yako kabla hujatoa hata shilingi.