Mtu wa pwani akienda kukimbia mlimani: majibu ya maswali yenu

Simu yangu imejaa maswali ya mbio za nje ya nchi, nimechukua matano, wengine nivumilieni inshallah zamu yenu inakuja.

Shikamoo kaka, mimi niko Langoni hapa Lamu, nimejisajili nusu marathoni ya Kilimanjaro kule Moshi. Kwetu hakuna hata kilima, nitajifunzia wapi?

Marahaba mdogo wangu, na hongera. Kilima hatuna lakini matuta ya mchanga ya Shela tunayo. Nenda jioni jua likishapoa, panda kwa hatua fupi fupi, shuka ukitembea, rudia mara nane, mara moja kwa wiki inatosha.

Sasa sikiliza hili manake ndilo lililoniumiza mimi. Barabara ile ya kuelekea Mweka inapanda tu, unapanda weee, na kila mtu atakuonya kuhusu kupanda, kuhusu kushuka hakuna anayekwambia. Mara yangu ya kwanza nilifika juu mzima kabisa, nikafurahi nikaachilia miguu, kufika mjini mapaja yanatetemeka yenyewe hata nikiwa nimesimama, na siku mbili zilizofuata nilikuwa nashuka ngazi kinyumenyume nimeshika ukuta. Ukishuka mteremko ile misuli ya mbele ya paja inafanya kazi ya breki na huku inavutwa, hapo ndipo inapochanika. Dawa yake ni kuizoesha mapema, na mchanga haukufunzi hilo kwa sababu unameza kishindo, lami haimezi. Kwa hivyo tumia ngazi za nyumba zetu za ghorofa, zile za mawe zenye vidato virefu, panda kawaida halafu shuka taratibu ukihesabu moja mbili tatu kila kidato. Anza na dakika tano, ongeza kidogo kidogo, fanya hivyo wiki sita kabla ya safari na wiki ya mwisho uache.

Na usiende na hesabu ya muda wa ufukweni. Moshi iko mita 800 na zaidi juu ya bahari, si kubwa sana lakini ukijumlisha na mlima pumzi utaitafuta. Nenda umalize.

Niko Barani, Malindi. Naweza kwenda Moshi kwa basi? Kitambulisho kinatosha?

Basi lipo, Malindi hadi Mombasa, halafu Voi, Taveta, unavuka mpaka Holili na Moshi hiyo hapo. Ila beba pasipoti, usitegemee kitambulisho peke yake. Chanjo ya homa ya manjano pia, na uchome mapema kwa sababu kadi inaanza kutumika siku 10 baada ya sindano, zuri ni kwamba ukishachomwa ni ya maisha. Fika siku mbili kabla, uchukue namba yako na miguu iliyovimba kwenye kiti ipate kurudi. Raba za mbio zisiingie kwenye buti ya basi hata kama konda anakusihi, zikae mapajani mwako.

Kaka, nimemaliza marathoni moja tu. Mume wangu anafanya kazi Durban, naona nijaribu Comrades nikienda kumtembelea. Waonaje?

Dada yangu, safari nenda, viza sisi Wakenya hatuhitaji kwa siku 90. Mbio zenyewe mwaka huu nakuomba usubiri. Comrades ni karibu kilomita 90 kati ya Durban na Pietermaritzburg, mwaka mmoja wanapanda mwaka mwingine wanashuka, imeanza 1921 kuwakumbuka askari waliokufa vita vya kwanza. Una saa 12. Zikitimia kuna mtu anasimama pale mwisho amewapa mgongo wakimbiaji, asione nani anakuja, anapiga bunduki, na ukiwa umebakiza hatua mbili medali huna. Mimi nikifikiria ule mgongo roho inaniuma. Siku hiyo nenda usimame barabarani na mumeo uwashangilie, uone kwa macho yako inavyokuwa. Mwaka unaofuata ukimbie Two Oceans ya Cape Town, kilomita 56, halafu tuongee tena.

Kili ikiangukia Ramadhani nifanyeje? (Msomaji wa Shela)

Miaka hii mbio zile na mfungo vinakutana kweli. Kukimbia kilomita 21 za mlima bila tone la maji sikushauri kabisa, ni figo zako. Ruhusa ya msafiri ipo lakini ya dini muulize sheikh wako. Mimi niliahirisha, na sikujuta, kuna nyingine mwakani.

Nile nini njiani?

Asubuhi usiguse mahamri, mafuta yatakukaa tumboni, kula mkate mkavu na ndizi. Maji kunywa ukisikia kiu, usijilazimishe kila meza ya maji unayoipita, maji mengi kupita kiasi yanazimua chumvi ya damu na watu wamekufa kwa hilo. Vidonge vya maumivu kama ibuprofen usimeze kabla wala katikati ya mbio, ukiwa umekaukiwa vinaumiza figo. Mfukoni weka tende sita, na kokwa uzitoe usiku kabla hujalala, manake kilomita ya 15 vidole vimejaa jasho hutaweza.